Nimerudi likizo ya uzazi nikakuta kiti changu kimekaliwa. Nijiuzulu?

SWALI

Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka minne na nusu katika kampuni ya usambazaji wa bidhaa hapa Mwanza, kwa mkataba wa kudumu. Cheo changu ni msimamizi wa mauzo. Nilijifungua Novemba, nikachukua siku zangu 84, nikarudi kazini mwanzoni mwa Februari. Nikamkuta kijana aliyenishikia nafasi, niliyemfundisha mwenyewe, bado amekaa pale. Nikaambiwa nivute subira. Tarehe 3 Machi nikapewa barua ya "mabadiliko ya majukumu": sasa naingiza ankara kwenye kompyuta, na bosi wangu ndiye yule kijana. Mshahara hawajaugusa, ila posho ya usafiri, vocha ya simu na kamisheni vyote vimeondoka, na kwa mwezi napungukiwa karibu theluthi ya nilichokuwa nikipata. Tathmini ya mwaka nimepewa alama za chini kwa "kutofikia lengo". Nikiomba kwenda kunyonyesha, meneja anasema pale si kliniki. Jana ofisa utumishi kaniletea mkataba mpya wa miezi sita, akanishauri nisaini kabla mwezi haujaisha, au kama nimechoka niandike barua ya kuacha kazi "kwa amani". Mume wangu anasema niache tu. Nifanyeje?

JIBU

Dada yangu, hongera kwa mtoto, na pole kwa mapokezi hayo. Nianze na lisilosubiri: usisaini huo mkataba, na usiandike barua ya kuacha kazi. Hasira yako ni halali kabisa, lakini karatasi hizo mbili ndizo pekee anazozihitaji mwajiri wako ili shauri lako lififie, na amekuletea zote kwa siku moja. Hiyo si bahati mbaya.

Tazama kinachotokea ukijiuzulu. Kiinua mgongo kwa sheria yetu ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Kwako ni siku 28, na hulipwa pale mwajiri anaposimamisha ajira. Ukiondoka kwa barua yako mwenyewe iliyoandikwa "kwa amani", unakuwa umeitoa hiyo haki kwa mkono wako. Hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba sheria inakubali kuwa mtu anaweza kuacha kazi kwa sababu mwajiri ameyafanya mazingira yasivumilike, na kuacha huko kukahesabiwa kuwa ameachishwa. Lakini anayepaswa kuthibitisha hayo ni wewe. Swali la kwanza utakaloulizwa ni kama ulitumia njia za malalamiko zilizopo kabla ya kuondoka. Mtu aliyekaa kimya wiki nne kisha akaaga kwa heshima na kushukuru uongozi ana kazi ngumu sana mbele ya msuluhishi. Nimewaona wengi wakifika na barua ya kuacha kazi iliyojaa shukrani, waliyoandikiwa na ofisa utumishi na wao wakatia saini tu.

Mkataba wa miezi sita nao ni mlango uleule umepakwa rangi nyingine. Leo una ajira isiyo na tarehe ya mwisho. Ili kukuondoa, mwajiri lazima awe na sababu ya msingi na afuate utaratibu. Ukisaini, ajira yako inakuwa na tarehe ya kufa. Septemba hawatahitaji kukufukuza, watakwambia tu mkataba umeisha. Hakuna kinachokulazimisha kusaini, na kukataa si kosa la kinidhamu. Ofisa utumishi akikubana, mwambie neno moja kila mara: naomba maombi hayo kwa maandishi, nami nitajibu kwa maandishi. Wengi hawapendi kuliandika walilolisema mlangoni.

Sasa tuje kwenye haki yenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 33, ndiyo iliyokupa siku 84 (zingekuwa 100 kama ungejifungua mapacha). Watu wengi huisoma hadi hapo wakaifunga. Kifungu hichohicho kinaendelea kusema kuwa mfanyakazi akimaliza likizo anarejea kazini kwa masharti yaleyale ya ajira aliyokuwa nayo. Hapo ndipo ulipo mgogoro wako, na ni lazima uelewe utabishaniwa vipi, kwa sababu mwajiri atakuja na jibu moja maarufu: "Masharti hayajabadilika, mshahara ni uleule, tumembadilishia dawati tu."

Mwajiri ana uhuru fulani wa kupanga watu wake. Kama ungehamishwa kutoka usimamizi wa mauzo wa Ilemela kwenda wa Nyamagana, kwa cheo kilekile na malipo yaleyale, ningekwambia uvumilie. Sheria haikupi haki juu ya kiti na dirisha. Ila masharti ya ajira hayaishii kwenye mshahara wa msingi. Ndani yake kuna cheo, ngazi, nani anaripoti kwa nani, aina ya kazi na malipo yanayoambatana nayo. Mtu aliyekuwa akisimamia timu, leo anaingiza ankara chini ya aliyemfundisha, ameshushwa cheo, hata kama barua inaliita jambo hilo "mabadiliko ya majukumu". Kwa hiyo usipoteze nguvu kulalamika kuwa kijana amekaa kwenye kiti chako. Yeye hakujiteua, na ukimgeuza adui, ukumbi mzima utaliona shauri kuwa ni ugomvi wa watu wawili wa idara moja. Lalamika kuhusu cheo na malipo.

Kwenye malipo uwe makini, maana si kila kilichoondoka kina uzito sawa. Kuna pesa ulizokuwa ukirudishiwa kwa sababu umezitumia kazini, kama mafuta ya kwenda kwa wateja. Mwajiri atasema huendi tena kwa wateja, basi hakuna cha kurudishiwa, na kwa hilo peke yake anaweza kusikilizwa. Kuna posho inayoingia kila mwezi kiasi kilekile, uende usiende, imeandikwa kwenye mkataba au kwenye hati ya mshahara. Hiyo ni sehemu ya ujira wako. Na kuna kamisheni, ambayo naiona ndiyo silaha yako nzuri kuliko zote, kwa kuwa inaonyesha waziwazi kwamba kazi waliyokunyang'anya ndiyo iliyokuwa ikikuingizia kipato. Toa hati zako za mshahara za miezi sita kabla ya likizo, uziweke kando ya zile za Februari na Machi, uandike tofauti kwa tarakimu. Msuluhishi akiona karatasi hiyo moja, hutahitaji hotuba.

Sheria pia inamtaka mwajiri, pale maelezo ya ajira yanapobadilika, ashauriane na mfanyakazi kwanza kisha ayarekebishe kwa maandishi. Wewe ulipewa barua, hukushirikishwa. Na mwajiri akishindwa kuuleta mkataba wa maandishi kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha kuwa sharti unalodai halikuwapo unakuwa wake. Naliweka hili hapa kwa faida ya wale ambao mkataba wao "uko ofisini" na hawajawahi kupewa nakala.

Juu ya hayo yote kuna suala la ubaguzi. Kifungu cha 7 kinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, moja kwa moja au kwa kuzungukazunguka, kwa sababu ya jinsia, ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya familia, miongoni mwa sababu nyingine. Ubaguzi huo hautazamwi kwenye kuajiri na kufukuza tu: unatazamwa pia kwenye upangaji wa kazi, tathmini za utendaji, uhamisho, kupandishwa na kushushwa cheo. Uzuri wa kifungu hiki ni namna mzigo wa ushahidi unavyogawanywa. Wewe unatakiwa kuonyesha mambo yanayotosha kumfanya msikilizaji aone kwamba hapa kuna harufu ya ubaguzi. Ukishafika hapo, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kuwa haukuwapo, au kwamba alichokifanya hakikutokana na sababu hizo.

Atajitetea kwa kusema kampuni ilikuwa ikipangwa upya. Maswali ya kumuuliza ni haya, na uyajibu mwenyewe kwanza kabla hujayapeleka kwa mtu mwingine. Kwenye upangaji huo, ni nani mwingine aliyebadilishiwa kazi? Kama ni wewe peke yako, upangaji gani huo wa mtu mmoja? Cheo cha msimamizi wa mauzo kimefutwa, au kipo na mwingine ndiye anayekishika? Kwako kipo. Uamuzi ulifanyika lini? Kama ulifanyika ukiwa wodini au nyumbani na kichanga, kwa nini hukujulishwa? Na je, kabla ya likizo kuna onyo lolote la utendaji kwenye jalada lako? Kama miaka minne ilipita bila onyo, halafu kasoro zote zikaonekana ndani ya wiki nne za kurudi kutoka uzazi, mwajiri ana maelezo mengi ya kutoa.

Hiyo tathmini nayo tusiipite haraka, ingawa wengi huiona kuwa jambo dogo kwa kuwa haina fedha. Lengo la mauzo lilipangwa kwa miezi 12. Sehemu ya mwaka huo hukuwapo kwa ruhusa ya sheria. Kukupima kwa lengo la mwaka mzima ni kukuadhibu kwa kujifungua, tena kwa njia safi inayoonekana ya kihesabu. Omba kwa maandishi lengo lipunguzwe kulingana na miezi uliyofanya kazi, na alama zikokotolewe upya. Wakikataa, umepata kielelezo kingine. Wakinyamaza, pia umepata. Nakushauri uishughulikie sasa kwa sababu tathmini mbaya ya leo ndiyo itakayotolewa kabatini miezi minane ijayo watakapotangaza kupunguza wafanyakazi na kutafuta "vigezo" vya nani aondoke.

Kuhusu kunyonyesha, meneja wako amekosea, na hapa hakuna mjadala mrefu. Mfanyakazi anayenyonyesha ana haki ya kuruhusiwa kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Si hisani wala si mapumziko ya chakula. Lakini usijichukulie. Ukiondoka saa nne bila kuaga kwa sababu "sheria inaniruhusu", utaandikiwa utoro na shauri litageuka kuwa lako la nidhamu. Pendekeza saa mahususi kwa maandishi, ukizingatia umbali wa nyumbani na ratiba ya kazi. Wapo wanaokubaliana kuzigawa asubuhi na mchana, na wapo wanaoomba kutoka saa mbili kabla ya muda wa kufunga. Kama nyumbani ni mbali na dada wa kazi anaweza kumleta mtoto, omba chumba chenye mlango unaofungwa. Choo si mahali pa kunyonyeshea wala kukamulia maziwa, nalisema kwa kuwa nimewahi kusikia meneja akikipendekeza.

Hukutaja kazi za usiku, ila najua kampuni za usambazaji huhesabu mzigo stoo mwisho wa mwezi hadi usiku wa manane. Usiku kisheria unaanzia saa 2:00 usiku hadi saa 12:00 asubuhi. Mama hapangiwi kazi ya usiku ndani ya miezi miwili tangu kujifungua. Wewe umeshaipita miezi hiyo, kwa hiyo ukitaka kuepushwa sasa utahitaji cheti cha daktari kinachosema afya yako au ya mtoto hairuhusu.

Tufike kwenye kalamu, maana hapa ndipo kesi nyingi za kina mama hufia. Wanaongea. Wanaongea na meneja, na wenzao wa chakula cha mchana, na shemeji anayemfahamu mkurugenzi. Miezi inapita na hakuna hata karatasi moja. Wiki hii andika barua moja, fupi, isiyo na matusi wala machozi. Mfano wake ni huu, uurekebishe kwa taarifa zako:

"Yah: Kurejeshwa kwenye cheo na masharti yangu baada ya likizo ya uzazi. Kabla ya likizo yangu ya uzazi nilikuwa Msimamizi wa Mauzo, nikilipwa mshahara wa …, posho ya … pamoja na kamisheni. Nilirejea kazini tarehe …. Kwa barua yenu ya tarehe 3 Machi nimepewa kazi ya kuingiza ankara na malipo niliyoyataja yameondolewa. Sikushirikishwa kabla ya uamuzi huo na sikubaliani nao. Ninaendelea kutekeleza kazi ninazopewa bila kuachia haki zangu. Kwa mujibu wa kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, naomba nirejeshwe kwenye cheo, malipo na masharti niliyokuwa nayo, na nipewe kwa maandishi sababu za mabadiliko hayo. Naomba pia muda wa kunyonyesha kuanzia saa 4:00 hadi 5:00 asubuhi na saa 8:00 hadi 9:00 mchana. Mkataba mpya nilioletewa siukubali, kwa kuwa mkataba wangu wa sasa bado upo. Naomba majibu kabla ya tarehe …."

Sentensi ya "ninaendelea kutekeleza kazi ninazopewa bila kuachia haki zangu" usiiondoe. Inafanya kazi mbili. Inawanyima nafasi ya kusema umegoma, na inazuia kuambiwa baadaye kuwa uliikubali kazi mpya kwa sababu uliifanya. Kwa hiyo ingiza hizo ankara, tena uziingize vizuri, ufike kwa wakati. Toa nakala mbili, na nakala yako igongwe muhuri au isainiwe na aliyepokea, pamoja na tarehe. Wakikataa kupokea, itume kwa baruapepe ya kampuni na ya kwako. Na ukiletewa barua yoyote ya kusaini ambayo hukubaliani nayo, unaweza kuandika pembeni "nimeipokea, sikubaliani nayo", saini, tarehe.

Sambamba na barua, kusanya: mkataba, hati za mshahara, fomu ya likizo na cheti cha hospitali, barua ya 3 Machi, karatasi ya malengo, ujumbe wa WhatsApp (piga picha ya skrini inayoonyesha jina na tarehe, na usiufute ule wa asili). Ushahidi wa kielektroniki unapokelewa nchini kwetu, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inautambua. Maneno kama "hapa si kliniki" yaandike kwenye daftari siku hiyohiyo: nani kasema, saa ngapi, nani alikuwepo. Ila usibebe orodha ya wateja wala takwimu za mauzo za kampuni ukidhani zitakusaidia. Hizo si zako, na utakuwa umewapa sababu halali ya kukuita kwenye kikao cha nidhamu.

Kisha hesabu siku, na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote. Migogoro ya kazi kwa wafanyakazi wa sekta binafsi Tanzania Bara hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na kwa Mwanza wapo. Mgogoro wa kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30. Migogoro mingine yote, kama huu wako wa cheo, malipo na ubaguzi, ndani ya siku 60 tangu ulipoibuka. Kwa barua ya 3 Machi, siku ya 60 ni 2 Mei. Toa hapo sikukuu ya Muungano na Mei Mosi, na utaona kuwa muda ulionao ni mdogo kuliko unavyodhani. Kuandikiana barua na mwajiri hakusimamishi hesabu hiyo. Waajiri wajanja wanalijua: watakwambia suala lako "liko kwa mkurugenzi", utasubiri kwa adabu, na siku ya 61 mkurugenzi atajibu kuwa haiwezekani. Ukichelewa kuna fomu ya kuomba kuongezewa muda, lakini lazima ueleze sababu za kuridhisha, na "nilikuwa nasubiri majibu" mara nyingi haitoshi. Mimi ningekupa ushauri huu: mpe mwajiri siku 10 za kujibu. Zikipita kimya, fungua.

Kabla ya hapo uliza kama kazini kwenu kuna tawi la chama cha wafanyakazi. Kwenye biashara na viwanda mara nyingi ni TUICO. Kama kuna makato ya chama kwenye hati yako ya mshahara, umekuwa ukilipia msaada huu kwa miaka minne, nenda ukautumie. Kama hakuna chama, ofisi ya kazi ya mkoa ina maafisa kazi wenye mamlaka ya kukagua na kumwandikia mwajiri amri ya kutekeleza sheria. Kwa suala kama la kunyonyesha, afisa kazi huwa njia ya haraka kuliko shauri, kwa sababu simu yake moja kwa meneja hutosha. Ukihitaji wakili na mfuko hauruhusu, TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hutoa msaada wa kisheria.

Kwenye CMA usiogope kana kwamba unakwenda mahakamani. Unajaza Fomu Namba 1, unamkabidhi mwajiri nakala, unapeleka Tume pamoja na uthibitisho kuwa amepokea. Jaza aina ya mgogoro kwa uangalifu. Ukiweka alama kwenye "kuachishwa kazi" ilhali bado umeajiriwa, mwajiri atakuja na pingamizi na utapoteza wiki kadhaa. Kisha mnaitwa kwenye usuluhishi, kikao cha faragha, kwa Kiswahili, mbele ya msuluhishi ambaye hatoi hukumu bali anawasaidia kupatana, na hatua hiyo imepangiwa siku 30. Unaweza kwenda na kiongozi wa chama, wakili, au mwakilishi uliyemchagua. Usikose siku hiyo: mlalamikaji asipofika shauri linaweza kufutwa, na mwajiri asipofika linaweza kuamuliwa bila yeye. Msipoelewana ndipo shauri linasonga kwenye uamuzi au Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kulingana na aina yake. Mashauri ya mtu aliye bado kazini, kwa uzoefu wangu, mengi humalizikia kwenye usuluhishi. Mwajiri akiona una karatasi, huanza kuhesabu gharama.

Nijibu na wasomaji wengine wawili watatu waliouliza yanayofanana. Mliorudi mkaambiwa "kaa nyumbani tutakupigia": sheria inahesabu kumzuia mfanyakazi kurejea baada ya likizo ya uzazi kuwa ni kumwachisha kazi, kwa hiyo kwenu saa inayokimbia ni ya siku 30, si 60. Walimu, wauguzi na watumishi wengine wa umma mnaanzia kwenye mamlaka zenu za nidhamu na tume zinazosimamia utumishi wenu, si CMA. Walioko Unguja na Pemba wana Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, namba za vifungu nilizotaja haziwahusu. Na dada aliyeandika kutoka Nairobi, kwenu ni kifungu cha 29 cha Sheria ya Ajira ya 2007: miezi mitatu, na haki ya kurudi kwenye kazi uliyoiacha au inayokufaa kwa masharti yasiyo duni.

Nimalizie na mume wako. Anapokwambia uache, simlaumu, maana yeye ndiye anayekuona ukirudi jioni. Na inawezekana mwisho wa yote ukaamua huitaki tena kampuni hiyo, jambo ambalo ni haki yako na wala si kushindwa. Anza hata leo kutafuta kazi kwingine, hakuna sheria inayokukataza. Ila kuondoka kwa makubaliano na kuondoka kwa kuchoka ni vitu viwili. Ukiamua kuondoka, pazungumzwe mezani, tena ikiwezekana mbele ya msuluhishi, na makubaliano yaandikwe: notisi ya siku 28 au malipo yake, kiinua mgongo, likizo ya mwaka ambayo hujaichukua (likizo ya uzazi haiwezi kuhesabiwa kuwa ndiyo hiyo), tofauti ya posho na kamisheni tangu Februari, kiasi cha ziada cha kuufunga mgogoro, na michango ya NSSF iliyokamilika hadi mwezi wa mwisho. Kisha dai cheti cha utumishi, na usome kabla ya kutoka mlangoni cheo walichokuandikia. Kisomeke msimamizi wa mauzo, kisisomeke mwingiza ankara.